Namna ya Kulifungasha Faili la Mchakato Mwombaji Asipotelee Njiani

Katika kompyuta za mashirika yanayoendesha kazi zake kwa injini ya michakato hukosi faili lenye jina la namna hii: mkopo_mwisho.bpmn. Kando yake limekaa mkopo_mwisho_kabisa.bpmn, na chini yake mkopo_mwisho_kabisa_2_USIGUSE.bpmn. Faili lenye neno "mwisho" katika jina lake halijawahi kuwa la mwisho. Mwongozo huu ni wa mtu anayeyatazama mafaili hayo matatu asubuhi ya Jumatatu, huku mkubwa wake amesimama nyuma ya kiti akiuliza ni lipi kati ya hayo lililokataa ombi la mwanachama fulani mwezi wa tatu.

Nitatania hapa na pale, kwa sababu mambo yenyewe yana vituko. Jambo la msingi silitanii. Faili la mchakato ni ahadi. Aliyeanza kuomba chini ya kanuni fulani ana haki ya kumaliza chini ya kanuni hiyohiyo, au aambiwe waziwazi kwamba imebadilika. Namna unavyolifungasha faili na unavyolihifadhi ndiyo inayoamua kama ahadi hiyo itatimia. Wengi huliachia fundi suala hili na kwenda kunywa chai. Mimi nalihesabu katika masuala ya haki, na ndiyo maana ninalishikia bango.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo. Mwanachama anaomba mkopo, karani anahakiki akiba yake, wadhamini 2 wanakubali, kamati ya mikopo inaamua, fedha zinatumwa kwenye simu. Mchakato huo unaweza kuchukua siku mbili. Mdhamini mmoja akisafiri, unaweza kuchukua miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo mkutano mkuu ukakaa na kuamua kwamba wadhamini sasa wawe 3. Shikilia mfano huo, tutaurudia.

Lijue faili kabla ya kulifunga

Lugha inayosomwa na injini nyingi ni BPMN. Ilianza mwaka 2004 kama lugha ya michoro. Toleo la 2.0, lililotolewa na shirika la viwango la OMG Januari 2011, ndilo lililoipa kila alama ya mchoro namna moja ya kuandikwa kwa XML, na mwaka 2013 lugha hiyo ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Tangu hapo mchoro si wa kubandikwa ukutani tu. Faili lilelile analolichora mchambuzi ndilo linaloendeshwa na injini.

Lifungue faili lako kwa kihariri cha kawaida cha matini. Utakuta sehemu mbili. Ya kwanza ni mantiki: matukio, kazi, njia panda, na mishale inayoviunganisha. Ya pili ni sura: kisanduku hiki kiko umbali gani kutoka kushoto, kina upana gani, mshale unapinda wapi. Injini inapoendesha mchakato haijali sura hata chembe. Lakini mtu akisogeza kisanduku kidogo tu ili mchoro upendeze, faili limebadilika, na injini italihesabu kuwa toleo jipya. Kwa hiyo siku ya kupamba iwe ya kupamba, na siku ya kubadili kanuni iwe ya kubadili kanuni. Ukiyachanganya yote katika badiliko moja la Git, mkaguzi atakutana na mistari mia mbili ya namba za x na y, na katikati yake, kimyakimya, wadhamini 2 wamekuwa 3.

Kila kitu katika sehemu ya mantiki kina jina na kitambulisho. Jina ni la binadamu. Ndilo analoliona karani kwenye orodha ya kazi zake, kwa hiyo liandike kwa Kiswahili anachokisema ofisini: "Hakiki wadhamini". XML haina shida na Kiswahili wala na lugha nyingine yoyote, mradi faili lihifadhiwe kwa UTF-8. Kitambulisho ni cha mashine. Hakina nafasi ndani yake na hakianzi na tarakimu, na programu ya kuchorea ikiachwa ikibuni yenyewe utapata kitu kama Activity_0k3x9vb. Kifute, andika hakiki_wadhamini. Hicho ndicho kitakachoandikwa kwenye jedwali la kazi zinazosubiri, ndicho kitakachohesabiwa na ripoti, na ndicho utakachokitaja siku ya kuhamisha maombi kutoka toleo moja kwenda jingine. Siku hiyo ikifika hutapenda kukisia Activity_0k3x9vb ilikuwa kazi gani.

Kitambulisho cha mchakato mzima ndicho ufunguo wake, na hapa watu huteleza. Jina la faili halitumiki kuutambua mchakato. Yale "mwisho" na "mwisho kabisa" yote injini haina habari nayo. Ufunguo ukiwa "mkopo" jana na "mkopo" leo, injini itasema hili ni toleo jingine la kitu kilekile. Ukiubadili kuwa "mkopo_mpya", hujatoa toleo jipya. Umeanzisha mchakato mwingine, unaoanzia namba 1, na ule wa zamani ungali hai na ungali ukipokea maombi kutoka kwenye fomu ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Tazama pia sifa iitwayo isExecutable. Ikiwa "false", injini ya Camunda 7 italipokea faili lako, italihifadhi vizuri, na haitatengeneza mchakato wowote. Utakaa nusu saa ukiutafuta mchakato ambao haujazaliwa.

Kufungasha

Mchakato hausafiri peke yake. Una fomu anayoijaza mwanachama, una jedwali la maamuzi linalosema nani anastahili kiasi gani, pengine una mchakato mdogo wa kuhakiki wadhamini unaoitwa na ule mkubwa. Vyote hivi ni sehemu ya ahadi moja. Fungasha pamoja kila kitu ambacho kikibadilika kinaweza kubadili jibu atakalopewa mwombaji.

Vifurushi vyenyewe vina majina mengi kuliko tofauti zao. Injini ya Activiti ilianzishwa mwaka 2010 chini ya kampuni ya Alfresco na Tom Baeyens na Joram Barrez, waliokuwa wametoka kwenye injini nyingine, jBPM. Kifurushi chake kinaitwa BAR. Kifungue kwa programu yoyote ya kufungulia zip, nacho kitafunguka, kwa sababu ni zip. Baiti mbili za mwanzo ni herufi P na K, yaani Phil Katz, aliyebuni muundo wa zip mwaka 1989. JAR, WAR, PAR na KJAR zote zina herufi hizo hizo mlangoni. Kwa hiyo akija mshauri na suti yake akakwambia kifurushi cha injini yao ni teknolojia ya pekee, badili kiambishi cha jina kiwe zip, kibofye mara mbili, mwendelee na mazungumzo mkiwa sawa.

Injini ikipokea BAR hukifungua, kisha hulihifadhi kila faili lililomo kama rasilimali ya upakiaji mmoja. Neno la kushikilia hapo ni "mmoja". Fomu, jedwali la maamuzi na mchakato vilivyoingia pamoja vinajuana kwa namba ya upakiaji huo. Vilivyoingia kwa nyakati tofauti havina uhusiano wowote ila ule uliomo kichwani mwako, na kichwa chako huenda likizo.

Kuna mtego mdogo hapo mlangoni. Injini za ukoo huu, yaani Activiti, Camunda iliyojitenga nayo mwaka 2013, na Flowable iliyojitenga mwaka 2016, hulitambua faili la mchakato kwa mwisho wa jina lake: .bpmn au .bpmn20.xml. Ukiliita mkopo.xml, litapokelewa, litawekwa ndani ya hifadhidata pamoja na wenzake, na hakuna kitakachotokea. Halitakataliwa wala halitalalamikiwa. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu ukimya ndio kosa gumu kuliko yote kulitafuta. Kila baada ya kupakia, iulize injini: umetengeneza fasili ngapi kutoka kifurushi hiki? Jibu likiwa sifuri, hujapakia mchakato, umehifadhi matini.

Sasa tukae kidogo kwenye jambo lililowaponza wengi: msimbo. Kazi ya kutuma fedha kwenye simu haifanywi na XML. Ndani ya faili kuna jina tu la klasi ya Java, na klasi yenyewe iko kwenye programu, mbali na faili. Injini inatunza matoleo yote ya faili, la 1, la 2, la 3, lakini klasi haina matoleo. Ipo moja, ile ya leo. Mwombaji aliyeanza kwenye toleo la 1 atafika kwenye hatua ya kutumiwa fedha, injini italitafuta jina la klasi lililoandikwa ndani ya toleo la 1, na itakachokikuta ni msimbo uliobadilishwa juzi kwa ajili ya toleo la 3. Au haitakuta kitu, kwa sababu kijana mwenye bidii alisafisha msimbo "usiotumika".

Watu wa jBPM waliliona tatizo hili mapema. Katika toleo lao la 3, kifurushi kilichoitwa PAR kiliweza kubeba klasi pamoja na mchakato, na zote zikaingia ndani ya hifadhidata, mafaili yakikatwakatwa kwa kawaida vipande vya baiti 1024 na kupangwa kwenye jedwali lake. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, maana kila toleo lilikuwa na msimbo wake. Ulikuwa pia mzigo, kwa sababu msimbo uliolala hifadhidatani ni vigumu kuukagua na ni vigumu kuurekebisha. Kuanzia toleo la 6 wakachukua njia nyingine, KJAR: JAR ya kawaida ya Maven yenye faili kmodule.xml ndani ya META-INF, ikibeba michakato, kanuni na klasi, na kutambulika kwa kundi, jina na namba ya toleo. Chanzo kinakaa Git, kifurushi kilichojengwa kinakaa kwenye ghala la Maven.

Mimi naipenda njia hiyo ya pili, kwa sharti moja. Namba ya toleo iliyokwisha kutolewa isiguswe tena. Maven inaruhusu matoleo ya SNAPSHOT yanayojengwa upya kwa jina lilelile, na hayo yana manufaa kwenye meza ya fundi. Kwenye mashine inayohudumia watu hayana nafasi kabisa, kwa sababu "toleo la 1.2-SNAPSHOT" la asubuhi na la jioni yanaweza kuwa kanuni mbili tofauti zenye jina moja. Na kama injini yako haifungashi klasi, basi tunza mwenyewe: klasi mpya iwe na jina jipya, na ya zamani isifutwe mpaka hifadhidata ikuhakikishie kwamba hakuna mchakato hai hata mmoja unaoitaja.

Ndani ya hifadhidata

Katika Activiti, Camunda 7 na Flowable, majina ya majedwali huanza na ACT, na herufi mbili zinazofuata husema kazi yake. RE ni hazina ya fasili, RU ni vinavyoendelea sasa hivi, HI ni historia, GE ni vya jumla. Ukipakia kifurushi, mstari mmoja unaingia ACT_RE_DEPLOYMENT ukiwa na jina na saa ya kupakia. Kwa kila mchakato unaingia mstari ACT_RE_PROCDEF wenye ufunguo, namba ya toleo na jina la rasilimali. Faili lenyewe, XML yote, linaingia ACT_GE_BYTEARRAY kama rundo la baiti. Hata picha ya mchoro inaweza kukaa humo: Activiti isipopewa picha huichora yenyewe kutokana na ile sehemu ya sura, na kuihifadhi. Basi sura nayo ina kazi.

Kitambulisho cha fasili huundwa kwa ufunguo, toleo na namba ya kipekee, mathalani mkopo:3:2504. Ni kizuri kukisoma, lakini usiandike programu inayokikata kwenye nukta mbili ili kupata ufunguo. Safu yake ina nafasi ya herufi 64 tu, na ufunguo ukiwa mrefu kupita kiasi injini huacha maneno yote na kubakiza namba peke yake. Idara zinazopenda majina ya michakato yenye urefu wa barua ya maombi zitalijua hili siku moja mchana, bila taarifa.

Kila mchakato hai umeandikiwa kitambulisho cha fasili iliyouanzisha, na ndiyo ahadi katika umbo la safu moja ya jedwali, PROC_DEF_ID_. Toleo la 4 likija, maombi mapya yatachukua la 4, na yaliyoanza chini ya la 3 yataendelea na la 3 mpaka yaishe. Mwanachama wetu aliyeahidiwa wadhamini 2 anamaliza na wadhamini 2. Huo ndio usanifu ninaousifu bila kujizuia.

Namba ya toleo inapatikana kwa hesabu rahisi: iliyo kubwa kuliko zote kwa ufunguo huo, jumlisha 1. Usipowasha kichujio cha nakala, kila programu inapowashwa upya na kupakia mafaili yake utapata toleo jipya la faili lisilobadilika hata herufi. Baada ya wiki ya umeme kukatikakatika, mchakato wako una matoleo mengi kuliko maombi. Washa kichujio. Nacho hulinganisha baiti, hakilinganishi maana, kwa hiyo kisanduku kilichosogezwa kidogo bado kitazaa toleo.

Na sasa onyo ambalo ningeliandika kwa rangi nyekundu kama gazeti lingeniruhusu. Usifungue hifadhidata ukarekebisha ile XML kwa mkono. Najua kishawishi: kosa ni la neno moja, kuna maombi mengi yamekwama, na amri ya SQL ni ya mstari mmoja. Lakini injini haisomi jedwali kila mara. Ikishaisoma fasili huitafsiri na kuiweka kwenye kumbukumbu ya mashine. Seva zako zikiwa mbili, moja ikiwashwa upya usiku na nyingine isiwashwe, mojawapo itaendesha XML mpya na nyingine ya zamani, zote zikijiita toleo la 3. Hakuna ripoti itakayokuonyesha tofauti. Wanachama wawili walioomba saa moja, kwa fomu moja, watapata majibu tofauti, na utakapoulizwa sababu, hutakuwa na jibu ambalo mtu anastahili kupewa.

Ukihitaji kurekebisha, toa toleo jipya, kisha hamisha michakato hai kwa mpango ulioandikwa. Camunda iliweka uwezo huo kuanzia 7.5, mwaka 2016: unataja hatua hii ya toleo la 3 inalingana na hatua ile ya la 4, injini inakagua mpango, halafu inahamisha. Hapo ndipo hakiki_wadhamini inapolipa gharama ya kubatizwa vizuri. Na kabla ya kuhamisha, watu wanaohusika waambiwe.

Mlango wa nyuma

Kuna njia moja ambayo ahadi huvunjika bila mtu kuivunja. Mchakato wa mkopo, toleo la 3, una hatua inayoita mchakato mdogo wa wadhamini. Ni toleo gani la huo mdogo litakaloitwa? Katika Camunda 7, usiposema chochote, litaitwa lililo jipya kuliko yote. Vivyo hivyo kwa jedwali la maamuzi la DMN. Mwombaji wetu amelindwa na toleo la 3 la mchakato mkubwa, anafika kwenye hatua ya wadhamini, na anaingizwa kwenye mchakato mdogo uliopakiwa jana wenye wadhamini 3. Kila jedwali litaonyesha yuko toleo la 3. Kila mtu ataapa kwamba kanuni yake haijaguswa.

Katika bao, mchezaji akiwa anaendelea kupanda kete, hakuna anayeruhusiwa kuja kuongeza shimo ubaoni. Mlango huu wa nyuma ndio unaoruhusu shimo kuongezwa.

Dawa ipo na ni ya mstari mmoja. Sifa ya calledElementBinding inakubali "deployment", maana yake: tumia ule mchakato mdogo uliopakiwa pamoja nami. Ipo pia "version", unayotaja namba, na "versionTag", unayotaja lebo uliyoiandika mwenyewe. Kwa majedwali ya maamuzi sifa yake ni decisionRefBinding. Mimi huchagua "deployment" kila inapowezekana, na sasa utaona kwa nini nilisisitiza vyote vifungwe katika kifurushi kimoja: vilivyopakiwa kila kimoja kivyake haviwezi kuitana kwa njia hiyo.

Kuna nyakati ambapo "latest", yaani lile toleo jipya kuliko yote, ndiyo haki. Orodha ya viwango vya kubadilishia fedha, au namba ya simu ya kupelekea malalamiko, hutaki mtu aletewe ya mwaka jana. Basi iandike kwa makusudi, na kwenye maelezo ya hatua hiyo useme kwa nini. Ninachokikataa ni kuipata kwa sababu hakuna aliyefikiri.

Injini za ukoo mwingine

Nipite haraka hapa. Camunda 8, iliyotoka Aprili 2022, inaendeshwa na Zeebe, ambayo haina majedwali yale ya ACT. Inaandika kila tukio kwenye kumbukumbu iliyogawanywa katika sehemu, nakala zikilinganishwa kwa itifaki ya Raft, na hali ya sasa ikitunzwa katika RocksDB. Fasili inasambazwa katika sehemu zote. Kikomo cha kawaida cha ukubwa wa ujumbe mmoja ni megabaiti 4, kwa hiyo usiingize picha ya nembo ya chama ndani ya fomu.

Step Functions ya Amazon huandika fasili kwa JSON. Aliyekwisha kuanza anaendelea na fasili aliyoanza nayo, na mchakato wa aina ya kawaida unaweza kuishi mpaka mwaka mmoja. Temporal haihifadhi faili lolote la mchakato. Mchakato ni msimbo wenyewe, kinachohifadhiwa ni historia ya matukio, na injini huucheza upya msimbo juu ya historia hiyo. Ukibadilisha msimbo bila kuweka alama ya toleo, historia na msimbo vinagongana na kazi inasimama. Napendelea kusimama kwa namna hiyo kuliko kuendelea vibaya. Airflow, inayopendwa na watu wa data, kwa miaka mingi ilisoma mafaili ya Python kutoka kwenye folda, na faili likibadilishwa katikati ya kazi, hatua zilizobaki zilifuata jipya. Utunzaji wa matoleo ulikuja katika Airflow 3, Aprili 2025. Kwa kuhamisha data usiku hilo lilivumilika. Kwa ombi la mkopo la mtu nisingelikubali.

Kutunza na kufuta

Chanzo cha faili kikae Git, na njia ya kufika kwenye seva ya kazi iwe moja, ya kiotomatiki, inayoanzia humo. Camunda Modeler ina kitufe chenye alama ya roketi kinachopakia mchakato kutoka kwenye kompyuta ya mchoraji moja kwa moja. Kinafurahisha kukibofya, na seva ya majaribio ipo kwa ajili ya furaha hiyo. Seva ya kazi iifungie roketi mlango. Lebo ya toleo la Git iandike ndani ya faili lenyewe, kwenye versionTag, ili anayeangalia hifadhidata aweze kurudi kwenye chanzo bila kuuliza mtu.

Kufuta ni suala zito. Injini zinakuruhusu kufuta upakiaji kwa namna mbili. Ya kwanza hukataa ikiwa kuna michakato hai inayoutegemea, na kukataa huko ni rafiki yako. Ya pili hufuta kwa mnyororo: faili, fasili, michakato hai, na historia yake. Inahitaji neno moja tu, true, na maombi yote ya watu waliokuwa wakisubiri yanatoweka bila hata mmoja wao kupata ujumbe. Neno hilo lisiwemo katika msimbo wowote unaoweza kufika kwenye seva ya kazi.

Historia nayo ina umri. Camunda 7, kuanzia toleo la 7.20, inakudai kwa kawaida useme historia ya kila mchakato iishi muda gani. Wengi huandika siku 180 kwa sababu ndizo walizoziona kwenye mfano. Keti na mhasibu na mwanasheria wa chama mjue mkopo unaweza kulalamikiwa kwa muda gani, ndipo mwandike. Na fasili ya mchakato iishi angalau muda uleule, maana historia inayosema "ombi lilikataliwa kwenye hatua ya kuhakiki wadhamini" haielezi kitu ikiwa hakuna tena faili la kuonyesha hatua hiyo ilidai nini.

Fanya jaribio wiki hii. Chagua ombi moja lililokwisha kufungwa zamani kuliko yote yaliyomo kwenye historia yako. Soma kitambulisho cha fasili yake, iombe injini XML yake, kisha lisake faili hilohilo kwenye Git kwa lebo iliyomo ndani. Pima yote mawili kwa SHA-256. Yakilingana, endelea na kazi zako. Yakitofautiana, la hifadhidata ndilo lililomhukumu yule mwombaji: liingize Git jinsi lilivyo, uandike tarehe na ulikolitoa, kisha umtafute aliyelipakia akueleze lilifikaje huko.